Wageni wa Siku ya Tatu

Kusini mwa Ziwa Baringo, katika nyanda zinazotandaa baina ya ziwa na mji mdogo wa Marigat, yupo ajuza mmoja ambaye wajukuu wake humwita Nyanya. Majirani nao humwita vivyo hivyo. Ni wa jamii ya Ilchamus, wale ambao ramani na vitabu vya enzi ya ukoloni viliwaita Wanjemps. Hajui tarehe aliyozaliwa. Mamake alimwambia tu kwamba alizaliwa wakati mahabusu wa Hali ya Hatari walipokuwa wakichimba mifereji ya mradi wa Perkerra, na kazi hiyo ilianza mwaka wa 1954. Kwa hesabu hiyo, umri wake umefika miaka sabini au zaidi kidogo. Katika maisha hayo amehama mara nne. Mara tatu alihama kufuata malisho. Mara ya nne, mwaka wa 2020, alihama kwa kuwa ziwa lilimfuata yeye.

Baringo ni ziwa la ajabu kidogo. Liko katika sakafu ya Bonde la Ufa, takriban mita 970 juu ya usawa wa bahari, na hupokea maji ya mito kama vile Molo na Perkerra, lakini hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Ziwa la namna hiyo, katika nchi ya jua kali, aghalabu huwa la magadi, kama alivyo jirani yake Bogoria. Baringo hata hivyo lina maji matamu, kwa sababu maji hayo hupenya chini kwa chini katika nyufa za miamba ya volkeno. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, kutokana na udongo unaoletwa na mito kutoka vilima vilivyokwisha nyasi. Mvuvi wa Kiilchamus alizoea kuingia ziwani humo kwa chelezo chembamba cha miti myepesi iotayo majini, ameketi, miguu imelowa, akijisukuma kwa vibao viwili vya mkononi. Mamba walikuwepo. Viboko walikuwepo. Watoto waliogelea. Nyanya husema mamba wa siku hizo walikuwa na adabu, na kauli hiyo, ingawa huwachekesha wajukuu, haikosi hekima: samaki walikuwa tele, na mnyama aliyeshiba hana haja ya ugomvi.

Lakini hata Nyanya hakuikuta Baringo ya awali. Aliisikia. Bibi yake mzaa baba, ambaye alifariki Nyanya akiwa msichana mdogo, alimsimulia habari za ndovu walioshuka kunywa maji kwa makundi, nyati waliojificha katika matete penye mdomo wa mto, na twiga waliokula vilele vya migunga. Masimulizi hayo yanaafikiana na maandishi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilitoka pwani hadi hapa kutafuta pembe za ndovu, na hapa ndipo ilipopata chakula, kwani Ilchamus walikuwa wamechimba mifereji yao wenyewe na kukuza mtama na wimbi miaka mingi kabla ya mahabusu kuletwa na majembe. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alifuatana na Joseph Thomson katika safari ya mwaka wa 1883 iliyofika Baringo. Miaka minne baadaye alikuwa kiongozi katika msafara wa Count Teleki na Ludwig von Höhnel, ambao walipiga kambi hapa na kuwinda. Wapenzi wa Kiswahili huisifu misafara hiyo kwa kuieneza lugha bara, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, haisemwi sana katika makongamano ya lugha kwamba aliyelileta neno la Kiswahili Baringo siku hizo alikuja akiulizia pembe.

Bunduki zilianza kazi, maradhi yakaiendeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikiua ng'ombe na nyati, na hata twiga hawakusalimika. Baadaye mifugo iliongezeka, malisho yakapungua, ukame ukaja na kurudi. Nyanya alipopata fahamu, ndovu na nyati walikuwa wamekwisha kuwa maneno. Waama, hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita vivi hivi. Ajuza huyu anayo majina ya wanyama ambao hakuwaona utotoni wala utu uzima wake, na majina hayo yangali yanafanya kazi. La ndovu hulitumia kumkemea mtoto mlafi. La nyati humwitia fahali mkaidi. Wajukuu wake huyajua majina hayo kama matusi ya mapenzi, na baadhi yao walishangaa kuambiwa shuleni kwamba kumbe ni ya wanyama.

Wahenga wa pwani walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo huenda haikufika Baringo pamoja na misafara, lakini mtu akitaka kuelewa yaliyoipata nchi hii tangu Nyanya awe mke wa mtu, itamfaa. Wakati wanyama wa asili walikuwa wakitoweka, wageni walikuwa wakiwasili, na kila mgeni alipimwa kwa jembe lake.

Wa kwanza alikuwa samaki. Katika miaka ya 1970 kambaremamba, yule ambaye watu wa Ziwa Victoria humwita kamongo, aliingizwa katika Ziwa Baringo. Samaki huyu ana mwili mrefu kama wa mkunga, mapezi membamba kama nyuzi, na hupumua hewa kwa mapafu. Nyanya alipomwona mara ya kwanza kwenye chelezo cha shemejiye aliapa kwamba nyoka huyo hataingia katika chungu chake. Ngege wa Baringo, ambaye ni wa aina ya pekee isiyopatikana mahali pengine, ndiye aliyekuwa samaki wa watu. Lakini ngege walipungua kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa udongo ulioyachafua maji, na kambaremamba akazidi kuongezeka. Kufikia wakati mwanawe wa tatu alipoanza kuvua, yule nyoka ndiye aliyelipa ada ya shule. Mgeni huyu alishika jembe. Nyanya hamli hadi leo, lakini hamtukani.

Mgeni wa pili ni mti, na habari yake ni ndefu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ardhi ya nyanda hizi ilikuwa uchi. Upepo wa mchana uliinua vumbi jekundu hadi watu wakafunga milango. Wataalamu wa misitu walileta miche ya mti wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, unaostahimili chumvi, jua na ukame, wakaeleza kwamba utazuia mmomonyoko, utatoa kuni, na maganda yake yatalisha mbuzi. Watu waliuita mathenge, jina la mwanamume lililogeuka kuwa la mti. Nia ilikuwa njema, na ni vyema jambo hilo lisemwe waziwazi kwa sababu siku hizi ni desturi kuwazungumzia waliouleta kana kwamba walikuja usiku na mbegu kwenye mifuko. Walikuja mchana. Walikaribishwa. Nyanya alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba maji kwa debe kutoka mtoni na kumwagilia miche, asubuhi na jioni, msimu mzima wa kiangazi. Miche mingine ilikufa. Ile aliyoihudumia yeye haikufa hata mmoja, na alijivunia.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa shwari. Vumbi lilipungua. Kisha mbuzi waliyala maganda, wakazitoa mbegu katika samadi kila walikopita, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikazisambaza hadi kwenye mabonde ambayo mbuzi hawakuyafikia. Mti uliokusudiwa kuwa ukingo wa shamba ukawa msitu. Matawi yalifungamana hata mchungaji akalazimika kutambaa kuwatafuta kondoo wake. Nyasi zilikufa chini ya kivuli chake. Miiba ilitoboa ndara, ikatoboa magurudumu ya baiskeli, ikatoboa nyayo za watu na kuacha vidonda visivyopona upesi. Wale ndege wadogo waliotaga mayai yao katika nyasi ndefu walitoweka bila mtu kuandika siku waliyoondoka. Nao mbuzi, wale walioahidiwa chakula, walipatikana na balaa ambalo hakuna mfugaji aliyelitarajia: maganda yale ni matamu kama sukari, huganda katika meno, na meno huoza na kung'oka. Mbuzi asiye na meno hufa njaa akiwa amesimama katikati ya majani.

Mwaka wa 2006 wakazi wa sehemu hizi walikwenda mahakamani Nairobi kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huo, wakampeleka mbuzi kibogoyo kuwa kielelezo. Magazeti yaliicheka picha ile. Lakini mtu akiitafakari ataona kwamba ni nadra mnyama kufika mbele ya hakimu kutoa ushahidi juu ya mmea, na kwamba shahidi yule alieleweka bila mkalimani. Mnamo 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa magugu hatari nchini. Tangazo halikuung'oa. Nyanya hakwenda Nairobi na wenzake. Alipoulizwa na jirani kwa nini amebaki, alijibu kwamba hakutaka kuulizwa mahakamani ni nani aliyeimwagilia maji.

Mgeni wa tatu si mgeni. Ni ziwa lenyewe.

Tangu mwaka wa 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, na Baringo likapanda pamoja na wenzake. Wazee walisema litashuka, kwani limewahi kupanda na kushuka katika kumbukumbu zao. Halikushuka. Kufikia 2020 eneo lake lilikuwa limepanuka kwa nusu au zaidi, na zahanati, shule, hoteli za watalii karibu na Kampi ya Samaki na maboma mengi yalikuwa chini ya maji. Watafiti wametaja sababu kadhaa: mvua iliyozidi katika milima inayoyapa maziwa maji, misitu iliyofyekwa huko juu, udongo unaojaza sakafu ya ziwa, na hata kusogea kwa miamba ya Bonde. Wengi wao wanaipa uzito mvua na mabadiliko ya tabianchi. Nyanya anayo maelezo mengine, ila huyaweka moyoni.

Maji yalipopanda, wanyama walipoteza mipaka yao. Viboko walikuwa wakilala majini na kula usiku katika nyasi fupi za ufuoni. Ufuo ulipozama, waliingia katika mashamba ya mahindi, kwa kuwa humo ndimo mlimobaki kitu cha kijani kisicho na miiba. Mamba nao waliifuata kingo mpya hadi katika vichaka vya mathenge vilivyozama nusu, mahali penye giza na matope, hatua chache kutoka vizingiti vya nyumba. Mwaka ule wa 2020, wiki mbili kabla ya Nyanya kuhama, mamba alimchukua mbuzi wake mlangoni pa zizi, saa moja jioni. Mwezi uliofuata kijana wa jirani aliyekwenda kuchota maji alirudi akiwa na mkono mmoja. Tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo ule anayeogelea, na yawezekana kizazi kizima cha Ilchamus, watu ambao miguu yao ilikuwa ikining'inia majini tangu enzi za mababu, kitakua bila kujua kuogelea.

Kusini zaidi, Ziwa Bogoria nalo lilipanda. Magadi yake yalizimuliwa na maji ya mvua, na heroe wadogo, wanaokula vijimea viotavyo katika maji ya magadi, wamekuwa wakihamahama kutafuta ziwa lenye chakula. Tandala wakubwa wangalipo katika miteremko ya Bogoria. Hao Nyanya amewaona mara mbili na huwataja kwa heshima, kama mtu anayetaja wakwe.

Twiga ndio waliompa kicheko. Twiga wa aina ile ambayo wataalamu waliipa jina la Baringo alikuwa ametoweka hapa kwa miongo mingi. Mwaka wa 2011 waliletwa wanane na kuwekwa Longicharo, upande wa mashariki wa ziwa, katika hifadhi ya Ruko iliyoanzishwa na Wapokoti na Ilchamus, majirani waliochoka kuibiana ng'ombe na kuuana. Longicharo ilikuwa rasi. Maji yalipopanda ikawa kisiwa, na kisiwa kikazidi kupungua. Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021 twiga tisa, mmoja baada ya mwingine, walivushwa hadi bara wakiwa wamesimama katika chelezo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu. Mjukuu alimwonyesha Nyanya picha katika simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama mnyama yule ndiye yule wa hadithi za bibi yake. Alipoambiwa ndiye, alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Amerudi kwao, akakuta kwao kumezama," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Na sisi tulivuka kwa miguu."

Katika sauti yake hamkuwa na kijicho. Ilikuwa hesabu tu, kama ya mtu anayehesabu mbuzi jioni. Hata hivyo ni hesabu ambayo wahifadhi wa wanyamapori wangefanya vyema kuisikiliza, kwa kuwa hifadhi kama ile husimama kwa ridhaa ya watu wenye maboma yaliyozama.

Makao mapya ya Nyanya yako juu kidogo, kilomita kadhaa kutoka penye boma la zamani. Ardhi ile ilipatikana kwa urahisi kwa sababu hakuna aliyeitaka: ilikuwa mathenge mtupu. Mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye mchana huchoma makaa na usiku hutega nyavu, alifyeka mahali pa nyumba mbili na zizi. Hapo ndipo mzozo ulipozuka kati yao, na haujaisha. Nyanya anataka visiki ving'olewe vyote, pamoja na mizizi, hata ikichukua miaka. Kijana anataka kuikata tu. Mathenge uliokatwa huchipua upya, na baada ya miaka michache huwa makaa tena. Makaa hayo hununuliwa barabarani Marigat, na ndiyo yanayomsomesha dadake aliye kidato cha tatu.

"Nyanya, tukiing'oa yote tutakula nini?"

"Tulikula nini kabla haijaja?"

"Kulikuwa na nyasi, Nyanya. Na ng'ombe. Na ngege."

Ajuza hakuwa na jibu. Jioni ile ile, hata hivyo, alionekana akichimba kisiki cha kwanza kwa jembe lililovunjika mpini, pale pale karibu na zizi, mahali ambapo mbuzi wangefikia maganda. Kijana alimtazama kwa muda, kisha akaenda kumsaidia. Waling'oa visiki sita siku hiyo. Vilivyobaki havina idadi. Wamekubaliana, bila kutamka, kwamba kando ya zizi ni pake Nyanya na upande wa pili wa njia ni pa kijana, na mbuzi huchungwa kwa fimbo wasivuke. Mbuzi, bila shaka, huvuka. Kila asubuhi Nyanya hufunua midomo yao na kuyatazama meno.

Pale penye boma la zamani pamebaki mgunga mmoja. Chini yake alizikwa mumewe mwaka wa 1999, na kando yake mtoto wao wa kwanza. Mti umekufa kwa maji lakini haujaanguka. Vilele vyake viwili vinaonekana juu ya ziwa, na kijana hupita karibu navyo akienda kuangalia nyavu alfajiri. Anaporudi na kambaremamba wake, Nyanya humuuliza swali lile lile kabla hajamuuliza habari za samaki.

"Umeuona mti?"

"Nimeuona."

"Umesimama?"

"Umesimama, Nyanya. Mnandi wamejenga juu yake."

Mnandi ni ndege ambao Nyanya aliwajua utotoni wakiwa wamekaa katika miamba ya visiwani, wamekunjua mabawa yao meusi juani kama nguo zilizoanikwa. Hawakuwahi kujenga karibu na watu.

"Viota vingapi?"

"Sikuvihesabu."

"Kesho vihesabu," Nyanya alisema, akainuka kwenda kufungua zizi.